Kila Kitu Mara Kumi

Mama mmoja alikuwa na shati la sare chini ya sindano, kola imeshikwa upande mmoja tu, wifi yake alipoingia bila hodi na kusimama mbele ya cherehani akihema.

"Wifi, acha hiyo pedali. Wamempima Skola."

"Wamempima nini? Anaumwa?"

"Wamempima uzito. Kwenye mizani ya mahindi, pale ghalani kwa Kwirini. Wamemtia kwenye gunia wakamtundika kwenye ndoano. Kilo arobaini na tatu. Watu wamepiga makofi."

Mama Skola aliutoa mguu kwenye pedali. Gurudumu likazunguka kidogo lenyewe, likasimama. Hakuuliza wamempimia nini. Kwa wiki tatu kijiji kizima kilikuwa kinatafuta mtu mwepesi, na kwa wiki tatu alikuwa akijiambia kwamba kijiji kina watu wepesi wengi.

"Baba yake alikuwepo?"

Wifi Redempta alitazama sakafu. "Kaka yangu ndiye aliyelishika gunia," alisema. "Lisizunguke."

Jambo lenyewe lilianza dogo, na lilipokuwa dogo lilikuwa zuri. Mume wa mama huyu, Fundi Egidi, alikuwa seremala wa milango, vitanda na majeneza katika kijiji cha juu, penye baridi, misonobari na mashine za kupasua mbao. Siku ya sikukuu ya somo wa kanisa lao aliwatengenezea watoto ndege. Alichonga vijiti vyembamba vya msonobari, akavifunika kwa karatasi ya mfuko wa unga, akafunga mbele pangaboi dogo linalozungushwa na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mabawa yote mawili, ncha hadi ncha, yalikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Aliusokota mpira, akaiachia ndege katikati ya uwanja wa mpira, nayo ikapanda. Ikapita juu ya wanakwaya, ikazunguka kama inayomtafuta mtu, kisha ikatua juu ya paa la choo cha walimu. Watu walicheka hadi machozi. Mama Skola naye alicheka, na hakuwahi kumpenda mumewe kama alivyompenda siku ile.

Aliyekosa kucheka ni Bwana Kwirini, mwenye mashine ya mbao. Yeye aliagiza ngazi, akapanda mwenyewe, akaiteremsha ndege na kuigeuzageuza mkononi.

"Fundi," alisema, "hiki kitu kikiwa kikubwa, mtu anapanda."

Hayo yalitosha. Kabla jua halijazama kulikuwa na kamati, na Kwirini ndiye mwenyekiti. Vijiji vingine vilikuwa na lami, vingine vilikuwa na zahanati. Hiki kingekuwa na ndege.

Egidi alirudi nyumbani na ndege kwapani, akaazima tepu ya mkewe ya kushonea. Alipima urefu wa bawa. Alipima upana wake, unene wa kila kijiti, kimo cha mkia, hata tundu la msumari. Kila kipimo alikizidisha kwa kumi na kukiandika ubaoni kwa penseli ya useremala. Mkewe alipomuuliza kwa nini kumi, alijibu kwamba kumi haina makosa, unaongeza sifuri tu.

Mama Skola alikuwa amewashonea watu wa kijiji kile kwa miaka kumi na tisa. Alijua kwamba gauni la mtoto halifanywi la mama yake kwa kuzidisha. Shingo haikui kama kiuno. Kifungo kinabaki kifungo. Tena kitambaa hakijui kwamba kimepewa kazi kubwa. Kinachanika kwa nguvu ileile iliyokichana jana. Alimwambia mumewe hayo yote akiwa na pini mdomoni.

"Gauni haliruki, Mama Skola," Egidi alisema, na akacheka kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya.

Mama hakubishana. Jikoni mwao kulikuwa na masanduku mawili ya mbao ambayo Egidi mwenyewe aliyatengeneza mwaka walipooana, moja la chumvi na moja la unga. La unga lilikuwa mara mbili ya la chumvi, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Jioni moja aliyaweka mezani yote mawili, matupu, akamwita mumewe akae. Alilivisha gazeti lile dogo pande zote, likamaliza kurasa tatu. Alilivisha lile kubwa, likataka kurasa kumi na mbili. Kisha akalijaza unga lile dogo na kuumimina katika lile kubwa, akajaza tena, akamimina tena, akihesabu kwa sauti. Lilijaa alipofika nane.

"Tumekuza mara mbili tu," alisema. "Gazeti limekuwa mara nne. Unga umekuwa mara nane. Wewe unakuza mara kumi. Kitambaa cha bawa kitakuwa mara mia, sawa, lakini uzito utakuwa mara elfu. Niambie, baba, mabawa ya mia yatabebaje mzigo wa elfu?"

Egidi aliyatazama masanduku muda mrefu. Alikuwa fundi, na mkono wake ulielewa kabla ya mdomo. Alilinyanyua lile dogo kwa vidole. Alijaribu kulinyanyua lile kubwa, likahitaji mikono miwili. Hakusema mkewe amekosea. Alisema, "Kamati wameshapasua mbao."

Kesho yake aliipeleka habari ile kwenye kamati, lakini aliipeleka kama kichekesho, ili kama wangeicheka wasimcheke yeye. Wakaicheka. "Kumbe sisi tunajenga ndege," alisema Kwirini, "na mama yuko jikoni anapima unga!" Tangu siku ile wakamwita Mama Unga. Bombani wanawake walimpisha na ndoo zao wakisema, "Mpisheni Mama Unga, asije akatupima!" Alijaza ndoo yake, akaondoka.

Halafu wakamletea majora ya kitambaa cha marekani ayashone mabawa, kwa sababu kijijini hapakuwa na mishono kama yake. Katika miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kurudi kwake na nguo iliyofumuka. Akayashona. Alipiga mshono juu ya mshono, akaukaza, akakata nyuzi zilizobaki kwa meno. Alishona kwa sababu kazi ni kazi, na kwa sababu aliamini kitu kile kitakuwa kizito mno hata kisiweze kutoka karakana, na mambo yataishia hapo. Hilo lilikuwa kosa lake, na alikuja kulijua.

Kilitoka karakana. Wanaume wanane walikibeba wakiimba. Ile ndege ya kwanza, Fabiola, mtoto wa mwisho wa Mama Skola, alikuwa akiibeba kwa vidole viwili, lakini hakuna aliyesimama kuuliza vidole viwili vimegeukaje wanaume wanane. Wakaifunga injini ya pikipiki puani, wakaiweka juu ya magurudumu, wakaisukuma hadi uwanjani.

Uwanja ule unateremka, na mwisho wake, nyuma ya goli la pili, ni ukingo. Chini ya ukingo ni bonde la chai, na kina chake ni kirefu kiasi kwamba wachumaji wakiwa huko huonekana kama punje za mtama. Mpango ulikuwa kuivuta ndege kwa kamba kutoka goli la kwanza, injini ikisaidia, ishike kasi kwenye mteremko. "Ikifika ukingoni," Kwirini alisema, "hewa yenyewe itaipokea."

Tangu mwanzo alikuwa ameahidi kwamba wa kwanza kupanda atakuwa yeye. Siku ndege iliposimama uwanjani imekamilika, aliizunguka mara mbili, akakumbuka kwamba ana mgongo. Tena ana kilo tisini na moja. Kamati ikakaa. Ilionekana wazi hata kwao kwamba ndege ni nzito. Hawakupunguza ndege. Waliamua kupunguza mtu.

Ndiyo sababu ya ile mizani ya mahindi.

Jioni ya siku ya kupimwa, Skola alirudi nyumbani akitembea kama mgeni wa heshima. Alikuwa na miaka kumi na minane. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakumpeleka popote, na kwa mwaka mzima alikuwa akiosha vyombo vya nyumba ile huku wenzake wakimwandikia habari za vyuo. Mama yake alimkalisha kwenye kigoda.

"Umeuona ule ukingo?"

"Nimezaliwa hapa, mama. Nimeuona."

"Ndege ile haitapanda. Ikifika pale itaanguka na wewe ndani."

"Baba amesema itapanda."

"Baba yako anajua haitapanda. Muulize habari za masanduku."

Skola aliinuka. "Mara moja tu katika maisha yangu nimepita mahali," alisema. "Walitaka mwepesi, nikapita. Sasa usianze kunipima, mama. Nimeshapimwa."

Mama alimwendea Egidi karakana. Mumewe alikuwa akipiga randa ubao uliokwisha kulainika. Alimuuliza swali moja: je, atamwacha mtoto apande? Egidi hakuinua macho. Alisema ameshatoa neno lake mbele ya kamati, na kwamba Skola ni mwepesi sana, na kwamba labda. Hakuimalizia hiyo labda.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Asubuhi mapema Kwirini alituma mtu kumwita Mama Skola akague mishono ya mabawa, watu wasije wakasema kamati haikuwa makini. Mama alitia kikapuni uzi, sindano, mkasi na wembe, akaenda. Wanaume walikuwa pembeni ya uwanja wakinywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kuondoa baridi. Walimletea kigoda.

"Kagua vizuri, Mama Unga," mmoja alisema. "Ukikuta kilo imezidi, itoe!"

Wakacheka na kurudi kwenye vikombe vyao.

Alipanda juu ya kigoda chini ya bawa la kushoto. Mshono wa mbele, ule unaokutana na upepo kwanza, aliushika kwa vidole akautambua kuwa wake. Ulikuwa mzuri. Alichomoa wembe, akaanza kufumua kwa upande wa chini ambako jicho halifiki. Alikata pindi tatu za uzi, akaacha moja. Akakata tatu, akaacha moja. Mafundi wa nguo hushikiza hivyo nguo ambayo mteja anataka kuijaribu tu, kabla ya kuikaza: ukisimama nayo mbele ya kioo inakukaa sawasawa, ukikimbia nayo inaachia. Alifumua urefu wa pima moja na nusu. Kilichomuuma ni kwamba kila pindi aliyoikata aliikumbuka alipoipiga.

"Tayari?" Kwirini aliuliza.

"Tayari," alisema.

Watu walijaa uwanjani kuliko siku ya sikukuu. Skola alikaa ndani amejifunga kanga kiunoni na mkanda wa baba yake juu yake. Alimpungia mkono kila mtu isipokuwa mama yake. Injini ikanguruma. Wanaume kumi na wawili wakaishika kamba na kukimbia, na kitu kile kikaanza kutembea, kisha kikaanza kukimbia, kizito, kikiruka mashimo kwa kishindo bila hata mara moja kuonyesha kwamba kinajua habari za kuruka. Mama Skola alikuwa amesimama karibu na goli la pili. Hakuutazama uso wa mwanawe. Alitazama mshono.

Ulishika hadi katikati ya uwanja. Akahesabu hatua zilizobaki. Ulishika tena. Alidhani ameacha pindi nyingi mno, na alianza kutembea kuelekea mbele ya ndege ile, bila kujua atafanya nini akiifikia. Ndipo upepo ukaingia. Kitambaa cha kushoto kikafumuka chote kwa mara moja, kikapepea kama shuka kwenye kamba, bawa likakokota chini, na ndege ikageuka ubavu, ikazunguka, ikalala. Ukingo ulikuwa hatua arobaini mbele yake.

Egidi ndiye aliyefika wa kwanza. Alimvuta Skola kutoka kwenye vijiti, akamsimamisha. Mikono mizima, miguu mizima. Mdomo ulikuwa umejaa damu, na jino moja la mbele halikuwepo. Hilo mama hakuwa amelipigia hesabu.

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama Unga! Hata kushona sasa imekushinda?" Na watu wale waliokuwa na hofu muda mfupi uliopita wakapata mahali pa kuipeleka. Walicheka uwanja mzima.

Mchana ule wanawake walikuja nyumbani kwake mmoja mmoja. Walikuja na maneno laini. Huyu alisema anahitaji haraka, yule alisema dada yake amefungua cherehani huko ng'ambo. Wakachukua sare zao, zilizoshonwa nusu na zilizokatwa tu, hata lile shati lenye kola iliyoshikwa upande mmoja. Mama Skola alizikunja moja moja, akawapa. Wifi Redempta alisimama mlangoni akiwatazama wakitoka, akasonya kila mmoja alipopita, lakini hata yeye alipoaga alisema, "Wifi, ilikuwaje ukakosea siku kama ile?"

Jioni, ugali ukiwa motoni, Kwirini alipita. Hakuingia. Aliegemea mwimo wa mlango ambao Egidi aliuchonga.

"Fundi, usife moyo. Tumekaa kamati. Tumeona tatizo liko wapi. Hesabu yako ilikuwa sawa. Ndege ilikuwa sawa. Kilichotuangusha ni uzi. Mbao zimepona karibu zote. Tutamleta fundi cherehani kutoka mjini, na wiki mbili hivi tunarudi uwanjani." Akamtazama Skola aliyekuwa kwenye kona na kitambaa cha maji ya chumvi mdomoni. "Na huyu sasa amezidi kuwa mwepesi. Jino limepungua!"

Egidi alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mkewe alikisikia akiwa ameushika mwiko, na katika yote yaliyotokea siku ile, matusi ya uwanjani, sare, hata damu, hakuna kilichomchoma kama kicheko kile. Aliona kwamba amemwokoa mtoto na kuuokoa uongo pamoja naye. Kwa kuwa uzi ndio ulioshindwa, kumi imebaki haina makosa. Na baada ya wiki mbili kutakuwa na uzi wa mtu mwingine, uliokazwa vizuri, na ukingo uleule.

Kwirini akaaga, akaenda zake.

Mama akausonga ugali hadi ukaiva, akaupakua. Akaweka maharage, akaweka maji ya kunawa. Kila siku, kabla ya kukaa, alikuwa na desturi ya kuhesabu. Akahesabu. Egidi. Skola. Galusi, mtoto wa katikati. Fabiola. Yeye mwenyewe. Wakanawa. Walipomega tonge la kwanza, alichukua wembe kutoka kwenye kikapu cha kushonea na kuuweka mezani, kando ya bakuli la maharage, mahali ambapo kila mmoja angeuona.

"Uzi niliukata mimi," alisema. "Mkishona upya, nitaukata upya."

Skola aliacha kutafuna. Alimtazama mama yake kwa jicho ambalo lingechukua miaka kulainika, kama lingelainika. Watoto wadogo walitazama wembe. Macho ya Egidi yalikwenda yenyewe hadi kwenye rafu, kwenye yale masanduku mawili, dogo juu ya kubwa, na yakakaa huko. Hakuna aliyeinuka.

Mama alihesabu tena. Walikuwa watano. Akavuta kigoda, akakaa, akamega tonge.

Nanyi mnaotaka kila kitu chenu kiwe mara kumi, yule mliyemtundika kwenye mizani ni mtoto wa nani?